Pale Stima Ilipopotelea

Mliponiaga kazini mwezi uliopita mlinikatia keki yenye picha ya maiki juu yake. Aliyeichora, Mungu ambariki, alichora kitu kinachofanana zaidi na hindi la kuchoma. Nikala hivyo hivyo. Kabla sijamaliza kipande changu, mmoja wenu akanirudishia swali ambalo mmekuwa mkiniuliza tangu mje studio: "Auntie Kavata, kwa nini ile filamu ya bendi ya Kutu inaishia gizani? Kwani mlikosa mataa?"

Nilisema nitawaandikia, maana hadithi hiyo haisimuliwi mtu akiwa na krimu kwenye kidole. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa nilipanda kimoja tu, cha kutoka kubeba waya hadi kuwaambia wengine wabebe. Mshahara nao tuuache ulale. Nitaanzia Kawangware, kwa Mzee Musyoka, kwa sababu giza la filamu ile lilianzia huko.

Mzee Musyoka alikuwa na kibanda cha mabati karibu na soko, akikodisha spika kwa harusi, matanga na mikutano ya injili. Yeye alikuwa wa Kitui na mimi wa Machakos, kwa hiyo tuligombana kwa Kikamba na kupatana kwa Kiswahili. Siku ya kwanza nilikwenda nikiwa nimevaa viatu vizuri, nikidhani nitaonyeshwa vifungo vya kubonyeza. Akaniketisha juu ya spika, akaniambia nifunge macho.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi hapa huna kazi. Enda nyumbani."

Sikwenda. Nilifunga macho tena, kwa hasira safari hii, na mambo yakaanza kuja moja moja. Mafuta ya mandazi yakilia kwenye karai. Mtu akisugua sufuria kwa mchanga. Fundi akigonga bati, na bati jingine mbali kidogo likimjibu. Mwanamke akicheka, kisha akijizuia. Nikamtajia yote. "Sasa unaweza kushika waya," akasema, na nikashika waya kwa miaka.

Nasema hivi kwa sababu ninyi mnaanza kwa kutazama kioo cha kompyuta. Si ubaya, kioo kinaonyesha mengi. Ila sijawahi kuona kioo kikionyesha mwanamke aliyejizuia kucheka.

Somo la pili lilikuja kwa machozi ya watu wengine. Kulikuwa na matanga, na familia ilituomba turekodi hotuba ili ndugu walioko mbali waisikie. Mama wa marehemu akasimama. Hakuwa msemaji, lakini siku hiyo alisema maneno ambayo hata wachimba kaburi waliyasikiliza wakiwa wamevua kofia. Katikati stima ikapotea. Spika zikafa, na mashine yetu ya kurekodi, iliyokuwa imechomekwa kwenye waya ule ule, ikafa nazo. Stima iliporudi, mwana mmoja akamwomba mama arudie. Mama akamtazama tu. "Maneno ya kilio hayasemwi mara mbili," akasema, akaketi.

Mzee Musyoka hakula chakula cha matanga siku hiyo, na kwa mtu aliyependa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kama yeye, hilo lilikuwa jambo. Tukiwa njiani kurudi ndipo aliponipa sheria ambayo mmenisikia nikiirudia hadi mnaigiza sauti yangu: mashine ya kurekodi isile sufuria moja na spika. Spika zilishwe stima. Mashine ilishwe betri. Tangu siku hiyo sijawahi kuchomeka mashine ya kurekodi ukutani nikiwa nje ya studio, na najua mmoja wenu huniita Mama Betri nikigeuka. Nina masikio, nimewaambia.

Somo la tatu lilitoka kanisani. Kawangware ilijaa watu kutoka Magharibi mwa Kenya, na kwaya zao haziimbi zikiwa zimesimama. Wanakanyaga sakafu hadi stendi ya maiki inatembea yenyewe kuelekea mlangoni. Nilijifunza kuikalisha kwenye beseni lenye mchanga. Lakini somo lenyewe lilikuwa pale Mzee Musyoka alipoweka maiki moja mbele ya mwimbaji na mbili nzuri zaidi kwa watu walioketi. Nikamuuliza kwa nini anapoteza maiki nzuri kwa kelele.

"Hiyo si kelele, hao ni waitikiaji," akasema. "Anayeanzisha bila wa kuitikia ni mtu anayejisemesha njiani."

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo mfukoni nilipokutana na Kutu.

Nilikuwa nimekwenda Kianda, kule Kibera, kurekodi tamasha la shule moja upande wa Olympic. Nikirudi nikasikia kitu kikilia katika chumba kilicho nyuma ya karakana ya kuchomelea milango. Nilidhani ni mashine ya kukata chuma imeshika msumari. Mama aliyekuwa akiuza sukuma wiki pale nje akaniona nimesimama.

"Usishtuke, madam," akaniambia. "Hao si wagonjwa. Wanasema ni rock."

Ndani ya chumba kile kulikuwa na vijana wanne, na aliyeimba aliitwa Nafula. Mchana alishona sare za shule, jioni alisimama mbele ya magitaa yale akiwa bado na futi ya kupimia shingoni. Jina la bendi walilitoa juu, kwenye paa: ukilala chali Kibera ukaangalia bati, unachoona ni kutu. Magitaa yalipiga kelele kama yamekosewa, lakini sauti ya Nafula ilipita katikati yake bila kusukumana na mtu. Ilikuwa sauti ya chini, yenye joto, sauti ya mtu anayekwambia jambo mlangoni kabla hajaingia. Nilikaa mpaka wakachoka wao.

Nilirudi jioni nyingine na mashine yangu na betri zangu kuwarekodi. Wimbo wao mkubwa uliitwa "Taa ya Jirani". Ni wimbo wa mtu ambaye hana mwanga, anasoma kwa ule unaopenya kwenye tundu la ukuta. Nafula alifika pale penye kiitikio, akaimba, "Jirani, taa yako..." na stima ikapotea.

Mnajua kinachofuata, maana mmekulia humu humu. Stima ikipotea mtaani, hakuna anayelia peke yake. Nyumba zote zinatoa sauti moja, "Aaaah!" Si hasira hasa, ni kama mtu mmoja mkubwa amekalia kiti kikavunjika. Magitaa yalinyamaza, Kianda nzima ikasema Aaaah, na katika kile kimya kilichobaki Nafula akamalizia bila maiki ya kumkuza, taratibu, "...inanitosha." Mpiga ngoma, Oti, hakuacha. Ngoma haina haja ya stima. Majirani wakaanza kupiga makofi kutoka vyumbani mwao, na wimbo ukaisha hivyo, gizani, kwa ngoma na makofi. Mashine yangu ilikuwa inakula betri. Ilikamata yote.

Waliupeleka wimbo ule kwa simu, kutoka simu hadi simu, ukafika mpaka Kawangware kabla yangu. Baadaye wakapata studio ya maana, wakaurekodi upya, safi, bila Aaaah. Watu wakaukataa. Fundi mmoja wa viatu niliyempa ausikilize alinirudishia simu yangu akasema, "Hii si ile. Mmetoa pale stima inapotelea." Kwao pale ndipo wimbo ulipokuwa. Kila Kutu walipoupiga, popote, Nafula akisema "Jirani, taa yako," anasimama, na watu wanatoa Aaaah yao kwa mpigo mmoja, kisha magitaa yanarudi. Ilishakuwa sehemu ya wimbo, kama amina kwenye sala.

Miaka ikaenda, Kutu wakakua hadi wakapata siku yao kwenye uwanja wa mpira: albamu ya moja kwa moja, na filamu. Dairekta alikuwa Dennis, kijana mtaratibu aliyewahi kufanya matangazo ya sabuni, na aliyejua kazi yake. Mimi nilipewa kurekodi sauti. Siku chache kabla ya onyesho Nafula alikuja kwangu Kawangware, akaketi, akakataa chai. Nafula kukataa chai! Nikajua kuna neno.

"Auntie, niko na uvimbe kwa koo," akasema. "Daktari anataka kukata. Amesema kuongea nitaongea. Kuimba, hawezi ahidi."

"Lini?"

"Tukimaliza show. Nimemwomba tu hiyo." Akashika mkono wangu. "Siwezi rudi studio kurekebisha kitu, unaelewa? Kile utashika hiyo siku ndiyo nitakuwa nayo. Usinipoteze, Auntie."

Nimefanya kazi za mawaziri, za maaskofu na za bwana harusi mmoja aliyezimia. Hakuna iliyonitia woga kama ile. Nililala nikimwona yule mama wa matanga akiketi.

Siku ya onyesho nilifika uwanjani mapema, nikafunga macho kwanza, kama nilivyofundishwa. Kisha nikaweka mitambo. Sauti ya Nafula niliipitisha kwenye kisanduku kinachoigawa njia mbili: moja iende kwenye spika za uwanja, nyingine ije moja kwa moja kwangu. Maiki ya mwimbaji ya aina ile haihitaji stima, pumzi yenyewe ndiyo inayoitikisa. Maiki za watu nikaziweka nyingi, mbele na pembeni, zikilishwa na mashine yangu. Na mashine yangu, mnajua ilikula nini.

Aliyesimamia jenereta alikuwa Makokha, jirani yangu wa Kawangware, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Alikuwa na jenereta mbili nyuma ya jukwaa, moja ikifanya kazi na nyingine ikinguruma pembeni ikingoja, na katikati swichi kubwa ya kuhamisha. "Mathe, leo hatulali giza," akaniambia. "Hii ikikohoa tu, mimi nahamia ile." Dennis alifurahi kusikia hivyo. Nami nilifurahi, nisikane.

Walianza jua likiwa bado kali. Watu walikuwa wametoka Sarang'ombe, Kianda, Kawangware, wengine kwa miguu, na walikuwa wanaimba kabla bendi haijaimba. Kwa macho lilikuwa jambo la kupendeza sana. Lakini mimi nilikuwa na vipokea sauti masikioni, na nilichosikia hakikunipendeza. Nafula alikuwa anapigana. Spika zilikuwa kubwa, magitaa makubwa, uwanja mkubwa, naye alisukuma sauti ile ya mlangoni iwe sauti ya uwanja. Ilianza kuchanika pembeni kama pindo la sare kuukuu. Wimbo baada ya wimbo nilikuwa nakamata kila kitu vizuri, na Nafula hakuwamo. Niliona vibaya hata nikatamani mashine iharibike, nisiwe mimi niliyemhifadhi hivyo.

Tukafika wimbo wa mwisho. Jua lilikuwa linazama nyuma ya majukwaa ya washabiki. Nafula akashika stendi kwa mikono miwili. "Jirani, taa yako..."

Uwanja mzima ukasema: "AAAAH!"

Sijui kama nitaweza kuwaelezea sauti hiyo. Ilinipanda kwenye miguu. Na papo hapo, kweli kabisa, kila kitu kikazima. Mataa, spika, magitaa, vyote.

Niliyapata maelezo baadaye kwa Makokha mwenyewe, akiwa ameketi juu ya mtungi wa dizeli. Alikuwa nyuma ya jukwaa, hakuwa anafuata wimbo, alikuwa anasikiliza injini zake. Halafu akasikia Aaaah. Mtu aliyekaa Kawangware maisha yake yote hahitaji kuambiwa Aaaah maana yake nini.

"Nilijua stima imepotea," akasema. "Mkono ulienda wenyewe, mathe. Nikahamisha. Na kumbe ile nyingine nilikuwa sijafungulia breka yake, ile swichi ya kutoa stima!"

Ndiyo kusema, aliisikia stima imepotea, akaenda kuiokoa, akaipoteza. Sijawahi kumlaumu. Ningekuwa pale na swichi ile mkononi, na masikio haya, ningefanya vile vile.

Huku mbele watu walidhani ni sehemu ya onyesho. Walinyamaza, kama inavyotakiwa. Na pale jukwaani Kutu walifanya walichokuwa wamefanya mara ngapi sijui katika kile chumba nyuma ya karakana. Hawakutazamana hata. Oti akaendelea na ngoma, akaishusha. Nafula akauondoa mkono mmoja kwenye stendi, mabega yakashuka, na akamalizia pale pale kwenye maiki ambayo haikufika tena kwenye spika, bila kusukuma chochote, kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kushindana nacho.

"...inanitosha."

Ilikuwa sauti ile ile. Nilikuwa nimekaa nimeinama juu ya mashine yangu, taa yake ndogo ya betri ikiwaka, na masikioni mwangu Nafula wa Kianda alikuwa anazungumza mlangoni. Waliokuwa mbele walimsikia wenyewe. Waliokuwa mbali hawakumsikia, lakini waliona mdomo wake, nao wakajua mstari uko wapi, wakaitikia. Ikaenda hivyo hadi nyuma kabisa: yeye anaanzisha kwa sauti ya chumbani, uwanja unaitikia kwa makofi na koo zote. Nililia, sina haja ya kuficha. Nililia nikiwa nimeziba mdomo ili nisiingie kwenye maiki za watu. Makokha alipoirudisha stima wimbo ulikuwa umekwisha, na watu wakapiga ile kelele nyingine, ya stima imerudi, ambayo pia mnaijua.

Nafula alikatwa uvimbe juma lililofuata. Daktari akamkataza kutoa sauti yoyote kwa muda, naye akatii, akawa anaongea na cherehani yake tu.

Dennis alikuja kwangu na picha za filamu alizokata na kuunganisha. Kamera zilikuwa na betri zake, kwa hiyo zilikuwa zimeshika zote, lakini wimbo wa mwisho ulikuwa na giza la jioni, nyuso zikionekana nusu nusu. Waliogharamia filamu walikuwa wamemwambia afunike pale kwa wimbo ule safi wa studio, na picha za mwanga kutoka nyimbo za mwanzo.

"Wanaogopa itakaa ni kama tuliharibu," Dennis akasema. "Na kusema ukweli, Auntie, mimi mwenyewe sijui. Nikiangalia naona ajali. Nikifunga macho naona ndio wimbo."

"Usiniulize mimi," nikamwambia. "Mwenye sauti yuko hai."

Tukamwita Nafula. Alikuja na skafu shingoni, akaketi kwenye kile kiti changu chenye mto, katikati ya spika mbili. Siku zile za kunyamaza zilikuwa zimekwisha, daktari alikuwa amemruhusu, lakini hakuna aliyekuwa amemsikia akijaribu. Nadhani aliogopa. Ningekuwa yeye ningeogopa. Dennis akamweleza yote mawili, lililo safi na lililo gizani, bila kuegemea upande.

"Uamuzi ni wako," akasema. "Tukate ama tuache?"

Nafula akanyoosha kidole kwenye mashine: piga.

Nikapiga. Zikaja ngoma, yakaja magitaa, ikaja sauti yake inayochanika, naye akakunja uso kidogo. Ikafika pale. Jirani, taa yako. Nikamwona anavuta pumzi. Uwanja ukajaa chumba changu kidogo cha Kawangware, na Nafula akafungua mdomo pamoja nao.

"Aaaah."

Ilitoka imekwaruza, nene, sauti ya mtu mwingine kabisa, lakini iliingia mahali pake. Kisha akanyamaza akajisikiliza akimalizia, machozi yakimtiririka, akiitikia ngoma ya Oti kwa kichwa.

Dennis hakuuliza tena. Akafunga kompyuta yake, akaomba chai, na Nafula naye safari hii akakubali.